Kusoma Herufi za Ugonjwa: Elimu Inayowafaa Vijana wa West Nile

Jina la kwetu hutajwa na madaktari wa dunia nzima. Mwaka 1937, huko Omogo katika wilaya ya West Nile ya wakati huo, mama mmoja mwenye homa alitolewa damu. Wataalamu wa Entebbe wakakuta ndani yake kirusi kisichojulikana, nacho kikaitwa West Nile.

Mwaka 1999 kirusi hicho kilizuka New York, Marekani. Kilitoka wapi? Jibu lilitafutwa katika jenomu yake, yaani maandishi ya urithi wake, yenye herufi zipatazo 11,000. Zilipolinganishwa na za virusi vingine, zilionekana kukaribiana mno na za kirusi kilichopatikana katika bata bukini nchini Israeli mwaka 1998.

Njia hiyo si ngeni kwa mwalimu. Wanafunzi wawili wakikosea neno lile lile, mahali pale pale, hutambua kwamba kuna aliyenakili. Virusi navyo hukosea vinapojinakili, na makosa hayo hurithiwa. Vyenye makosa ya namna moja ni ndugu wa karibu.

Anayejifunza kazi hii hupokea kutoka kwenye mashine vipande vifupi vifupi, mfano wa gazeti lililochanwa. Kwanza huondoa vipande vibovu. Pili, hupanga vilivyobaki kwa kufuata jenomu iliyokwisha kujulikana. Tatu, hutafuta herufi zinazotofautiana. Nne, na hapa ndipo penye uzito, hujiuliza: je, tofauti hii ni ya kirusi, au ni kosa la mashine? Herufi iliyoonekana katika kipande kimoja haitoshi kuaminiwa. Iliyoonekana katika vipande mia ina ushahidi.

Wakati wa Korona, wataalamu wa Entebbe walisoma virusi vya wananchi na vya madereva wa malori, wakaitambua aina ya A.23.1 na kuitangaza mwaka 2021. Koboko inapakana na Sudan Kusini na Kongo. Askari, dereva na mchuuzi hupita njia moja, na homa haisimami kizuizini.

Wazazi, Chuo Kikuu cha Makerere hufundisha elimu hii, na programu nyingi za kompyuta zinazotumika hutolewa bila malipo. Msingi wake ni hesabu na baiolojia. Basi jioni, mpunguzieni mtoto kazi za nyumbani, wa kike sawa na wa kiume, apate kusoma. Homa ya kesho ikizuka Arua, msomaji wa herufi zake na awe mtoto wa Arua.