Kesi ya Zamiri: Kupima Damu ya Mama Mwenye Mimba

I. Kesi

Bwana mmoja wa Likasi, mfanyakazi wa mgodi, amefika pamoja na bibi yake kwa padri wao. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akabatizwa, akafa siku ya tatu. Sasa mama ana mimba ya miezi mitatu na nusu. Munganga amewashauri kupima damu, kipimo kinachoitwa alfa-fetoproteini. Bwana anataka. Bibi anaogopa: «Padri, kupima hivi si kumjaribu Mungu? Na jibu likiwa baya, watanilazimisha kufanya nini?»

Padri ajibu nini?

II. Kipimo hiki ni nini?

Kabla ya kuhukumu jambo, tulijue kwanza. Alfa-fetoproteini hutengenezwa hasa na ini la mtoto tumboni, na kidogo yake huingia katika damu ya mama. Mwaka 1972, mjini Edinburgh, Brock na Sutcliffe walionyesha kwamba mtoto ambaye kichwa au mgongo wake haukufungika humwaga proteini hiyo kwa wingi katika maji ya uzazi. Baadaye waganga wakajua kuipima katika damu ya mama. Damu huchotwa mkononi mwa mama. Mtoto haguswi hata kidogo. Wakati wa kufaa ni juma la 16 hadi la 18.

Lakini tuangalie vema: kipimo hiki si hukumu. Kinaonyesha tu nani achunguzwe zaidi. Proteini inaweza kuzidi kwa sababu mama ana mapacha, au kwa sababu miezi ya mimba ilihesabiwa vibaya. Wamama wengi walioambiwa kwamba imezidi huzaa watoto wazima. Tena jibu zuri si ahadi ya mtoto asiye na kilema. Kwa hiyo, baada ya damu, hufuata ekografi. Pengine munganga ataomba kuchota maji ya uzazi kwa sindano. Hilo ni jambo lingine: mara chache mimba huharibika, kwa hiyo linahitaji sababu nzito na shauri la pekee.

III. Eklezya yafundisha nini?

Maandiko Donum Vitae ya mwaka 1987 yasema kwamba kumchunguza mtoto tumboni ni halali, ikiwa uhai na mwili wa mtoto na wa mama vinaheshimiwa, na ikiwa shabaha ni kumlinda au kumponya. Ni kosa zito ikiwa wazazi wanapima wakikusudia kuitoa mimba jibu likiwa baya. Papa Yohane Paulo II alikumbusha fundisho hilo katika Evangelium Vitae, mwaka 1995.

Basi kitendo chenyewe, kuchota damu, si kibaya. Neno kubwa ni nia.

IV. Jibu la kesi

Kumjaribu Mungu ni kutaka ishara kwake kwa kiburi. Kutumia akili aliyotupa ili tumtunze mtoto si kumjaribu. Lakini hakuna sheria inayomlazimisha mama kupima. Akikataa, hana zambi.

Padri asiamue mahali pao. Awaulize maswali matatu. La kwanza: jibu likija, mtafanya nini nalo? La pili: tarehe ya mimba yajulikana sawasawa? La tatu: mnaweza kuvumilia siku za kungojea bila amani?

Wakijibu: «Tunataka kujua ili tuzalie penye munganga wa kupasua, mtoto afungwe mgongo mapema, na padri awe karibu», wapime kwa moyo mtulivu. Ikiwa mtoto hawezi kuishi, watatayarisha jina, Ubatizo na maziko. Katika hatari ya kufa, mtu yeyote mwenye nia ya Eklezya aweza kubatiza; mkunga afundishwe mapema. Na mama ajue wazi: hakuna mtu mwenye haki ya kumlazimisha kuitoa mimba.

V. Juu ya lawama

Mtoto akizaliwa na kilema, jamaa humshitaki bibi, au hutafuta mlozi. Padri akomeshe maneno hayo. Mwaka 2020 waganga wa Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza uchunguzi juu ya watoto waliozaliwa Lubumbashi, 138 wenye vilema vya kuonekana na 108 wasio navyo. Waliona kwamba hatari ilizidi kwa watoto ambao baba zao walifanya kazi ya migodi. Uchunguzi huo hauonyeshi sababu ya kilema cha mtoto fulani. Kwa hiyo baba naye asihukumiwe. Anatafuta posho ya watu wake. Lakini avue nguo za vumbi kabla ya kuingia nyumbani, nasi tudai kazi yenye ulinzi.

VI. Kinga

Mgongo wa mtoto hufungika yapata siku ya 28, pengine mama hajajua bado kwamba ana mimba. Kwa hiyo kipimo hakikingi. Kinachosaidia ni asidi foliki, inayoanzwa kabla ya mimba: mikrogramu 400 kila siku. Kwa mama aliyekwisha kuzaa mtoto wa namna hii, munganga huagiza milligramu 4. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 1991 ulionyesha kwamba hatari hupungua karibu robo tatu. Tuseme neno hili katika mafundisho ya wachumba. Ni dawa ya bei ndogo, nayo haisumbui zamiri ya mtu.

Na wazazi wale wawili, wakipima au wasipopime, padri asiwaache mpaka siku ya kuzaa, na baada yake.