Doa la Manjano Mbele ya Walimu



Hakuna mama katika mitaa yetu asiyelijua doa la manjano. Kanzu ikidondokewa na mchuzi wa samaki siku ya Ijumaa, doa huwa la rangi ya dhahabu. Likisuguliwa kwa sabuni hugeuka jekundu kama kutu. Tumeyaona haya tangu utotoni, wala hatukuuliza sababu.

Wiki iliyopita tulialikwa kufungua kwa dua mafunzo ya walimu wa sayansi na hisabati wa Gredi ya 7 hadi ya 9, katika ukumbi wa madrasa moja hapa Mombasa. Tulinuia kuomba dua na kwenda zetu. Tukakaa mpaka adhuhuri.

Mkufunzi hakutoa hotuba. Aliwagawia walimu manjano ya unga, ndimu, sabuni ya kufulia na vikombe, akawaambia waanze. Maji ya manjano yalipotiwa sabuni yakawa mekundu. Yalipotiwa ndimu yakabaki vilevile. Kazi hiyo shuleni hufanywa kwa karatasi za litmasi, ambazo shule nyingi hazina. Ndipo mwalimu mmoja, binti wa umri wa kutuita baba, akauliza: "Na maji matupu, Mwalimu? Nayo hayakuibadilisha rangi. Je, ni asidi?"

Ukumbi ukanyamaza. Mkufunzi hakujibu, alileta maji ya maua ya choya. Kwenye ndimu yakazidi wekundu, kwenye sabuni yakageuka kijani, kwenye maji matupu yakafifia tu. Wakatambua wenyewe kwamba manjano hufichua besi, lakini haipambanui asidi na maji.

Binti yule alitueleza baadaye, kwa sauti ya chini kana kwamba anakiri kosa, kuwa amelifundisha somo hilo kwa kuchora ubaoni. Mikono yake haikuwahi kuligusa. Sisi hatukuona kosa lake. Alisomea hisabati, kisha akakabidhiwa Sayansi Jumuishi, yenye fizikia, kemia na biolojia ndani yake, katika shule isiyo na maabara. Na wanafunzi wake wakifika Gredi ya 10 hutakiwa kuchagua njia. Mtoto aliyeijua sayansi kwa chaki peke yake ataikimbia, na mlango wa uuguzi, uhandisi au ubaharia utamfungikia angali mdogo.

Jambo hili si geni nchini. Tangu mwaka 1998 Wizara ya Elimu, ikishirikiana na Japani, ilianzisha mpango wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari. Kutokana nao kikapatikana kituo cha CEMASTEA kilichoko Karen, Nairobi. Msingi wake ulikuwa mwanafunzi atende, ajaribu, na mwalimu abuni vifaa kutokana na vilivyo karibu naye. Lakini semina nyingi tulizozihudhuria sisi tangu hapo zimekuwa hotuba, chai na cheti.

Chuoni tulihifadhi kwa ulimi, nasi hatuudharau uhifadhi. Hata hivyo, udhu hatukufundishwa kwa ulimi: sheikh alishika birika, akatawadha mbele yetu, kisha akatutazama tukitawadha, akatukosoa viwiko. Naye Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, alipotaka kuijua nuru alipanga taa mbele ya tundu la chumba chenye giza, akatazama kila moja inaangukia wapi. Walimu wetu nao walitengeneza vijisanduku vya giza kwa mikebe ya maziwa na karatasi ya mafuta. Mwalimu mkuu mmoja, mzee wa makamo yetu, alipomwona muuza kahawa wa nje amepinduka kichwa chini ndani ya mkebe, alicheka hadi kofia ikamwanguka.

Walimu watarejea baada ya wiki mbili, kila mmoja na daftari la yaliyotokea darasani mwake. Ndimu na manjano tumeahidi kuzileta sisi. Mama watoto alipopata habari alitutazama, akasema: "Kumbe mie miaka yote hii nafanya sayansi kwenye karai!"