Mashua chini, magari katikati, watu juu

Kuegesha gari chini ya nyumba unamoishi si jambo la ajabu. Je, mashua?

Mjini Chicago, Marekani, kuna majumba mawili ya mviringo, kama magunzi ya mahindi yaliyosimamishwa, yaitwayo Marina City. Msanifu wake, Bertrand Goldberg, alipanga gati la mashua chini kabisa, kando ya mto, kisha orofa 19 za magari, na juu yake nyumba za watu.

Mashua zenyewe zilipaswa kuwa fupi. Kutoka hapo hadi Ziwa Michigan mto umekatizwa na madaraja kadhaa, na chombo chenye mlingoti mrefu hakipiti mpaka yainuliwe.

Basi taabu yote hiyo ya nini? Mradi uliungwa mkono na chama cha wafanyakazi wanaofagia na kutunza majumba. Miaka ya 1950 wenye uwezo walikuwa wakihamia vitongojini, na wafagiaji wakaona kazi zao zinawafuata huko. Gati, maduka na ukumbi wa michezo vilikuwa chambo. Majumba yalikamilika miaka ya 1960 yakiwa na nyumba takriban 900, na ngazi zote hizo zilihitaji ufagio.