Vinka: Pambo la Kaskazi, Si Chai

Kaskazi inapopamba moto na maua mengi kunyauka, vinka, yenye petali tano za waridi au nyeupe, huzidi kuchanua. Asili yake ni Madagaska. Huishi miaka kadhaa, na aghalabu haizidi mita moja kwa kimo. Tuipande penye jua la kutwa, kwenye udongo usiotuamisha maji, tukiachanisha miche kwa sentimita 30. Tumwagilie udongo ukishakauka, kwani maji mengi huozesha mizizi. Tupogoe ncha changa ili ichipue matawi mafupi.

Hata hivyo, mmea wote una sumu. Vinkristini, dawa ya saratani ya damu kwa watoto, hutokana nao. Lakini hospitalini hupimwa kwa miligramu, ilhali majani yaliyochemshwa nyumbani hayana kipimo. Watoto wetu waitazame, wasiionje. Nasi wazazi tusiichemshe.