Wasikilizaji wa Kuazimana

Haya wanangu, tuseme ni Jumamosi jioni Kwa Mrombo, huku kusini mwa jiji la Arusha. Moshi wa nyama choma umetanda, mchomaji anacharanga mbavu juu ya gogo, na meza ya nyuma wanadai ndizi zao zilizochelewa. Pembeni, karibu na ukuta, pana viti viwili vya plastiki, spika moja na maiki moja. Wamekaa binti na kijana, kila mmoja na gitaa lake na nyimbo alizotunga mwenyewe. Redioni hawajapigwa hata siku moja. Leo wamekubaliana kugawana onyesho.

Mtaniuliza, kwa nini wagawane wakati kila mmoja anautaka umaarufu wake? Hesabu ni rahisi. Binti akiita watu peke yake, watakuja dada zake, majirani na wenzake wa kwaya. Kijana naye ataleta machalii wa kijiweni. Watu wa upande mmoja hawajazi hata meza za mbele. Wakija wote pamoja, binti anawaimbia machalii ambao hawajawahi kumsikia, na kijana anawaimbia wanakwaya ambao pengine wasingemsogelea hata kidogo. Wameazimana wasikilizaji.

Lakini si kila mahali watu wawili wakigawana uwanja huazimana. Kule Usukuma, kusini mwa Ziwa Victoria, husimuliwa habari za waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Walikuwa wachezaji ngoma hodari, na kila mmoja alijigamba kuwa dawa yake ndiyo kali. Ubishi wao ulizaa vyama viwili vya ngoma: wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Hadi leo, baada ya mavuno, na hasa mwezi Juni kwenye sherehe za Bulabo pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, makundi ya pande hizo hukutana kushindana.

Sasa sikilizeni utamu wake. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, kila moja na upande wake. Mshindi ni aliyevuta watu wengi zaidi, basi. Mtu akichoka na wimbo wa huku, anageuka na kwenda kule, na miguu yake ndiyo kura yake. Ndiyo maana mtunzi wa nyimbo ni mtu mzito sana katika ngoma hizo, na ndiyo maana wapo wanaoingia uwanjani na chatu mzima. Nani atamwacha chatu akasikilize maneno matupu? Huko hakuna kuazimana, ni kunyang'anyana mchana kweupe, na watu wanapenda hivyohivyo. Mimi pia napenda, ila ningesimama mbali kidogo na huyo chatu.

Kwa Mrombo hilo halifai. Magitaa mawili yakipiga nyimbo mbili kwenye spika moja, mtasikia kelele tu. Lazima wapokezane, na kupokezana kuna ufundi wake. Chukueni mwezi Julai, baridi ya Arusha mnaijua. Gitaa lililokaa karibu na jiko la nyama limepata joto, na nyuzi za chuma zikipata joto hulegea, sauti ikashuka. Ukilipeleka kwenye ubaridi wa ukutani, nyuzi zinakaza na sauti inapanda. Binti akianza kuimba bila kutengeneza nyuzi upya, wanakwaya wake ndio watakaokuwa wa kwanza kukunja uso. Kwa hiyo kijana anapoimba, binti hachezei simu. Anainamisha sikio kwenye gitaa lake, anakaza hapa, analegeza pale, polepole, asimharibie mwenzake.

Halafu kuna mpangilio wa nyimbo. Kijana akimaliza wimbo wa msiba, binti asiingie na msiba mwingine, watu watasahau hata kula. Na ikifika katikati ya onyesho, mmoja aingie kwenye kiitikio cha mwenzake. Hapo ndipo machalii huanza kuuliza, huyu dada ni nani?

Arusha inajua kuchanganya watu namna hiyo. Kundi la X Plastaz, vijana wa hapahapa, lilitoa albamu ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, na ndani yake wachanaji wanapokezana na Merege, mwimbaji wa Kimasai. Kwa upande wa magitaa, mabinti mtafuteni Carola Kinasha, mzaliwa wa Longido, mwimbaji, mtunzi na mpiga gitaa. Mkimsikia hamtamkubalia tena mtu anayesema gitaa ni la wanaume.

Lakini ugomvi mkubwa wa jioni bado. Nani aimbe mwisho? Wa mwisho ndiye anayeonekana mkubwa, ila wa mwisho pia ndiye anayeimbia watu wanaowahi daladala. Wengine hurusha sarafu. Mimi ningewashauri wabadilishane: leo binti anafunga, onyesho lijalo kijana. Na fedha za kiingilio zihesabiwe mezani, wote wawili wakiwa macho, kabla ya bili ya nyama kufika.