Ganzi ya mikono na msamba: Kabla ya kuongeza dawa, itazame baiskeli yako

Wiki hii naanza na mgonjwa mmoja wa Misima, wilayani Handeni. Ni baba wa miaka hamsini na ushee, mchuuzi wa vitenge na nguo za watoto. Kazi yake ni kuzunguka minada kwa baiskeli. Leo yuko upande wa Handeni, keshokutwa yuko upande wa Korogwe, na mzigo wa kilo 30 hivi nyuma yake. Mara nyingine hulala njiani siku mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani. Ameniruhusu nieleze habari zake, mradi nisimtaje jina.

Alikuja akilalamikia ganzi ya vidole. Asubuhi alikuwa anashindwa hata kufunga vifungo vya shati. Kwa miezi saba alikuwa akinunua diclofenac dukani bila cheti cha daktari, na sasa tumbo nalo lilikuwa linamuuma. Nilimpima sukari na shinikizo la damu, vyote vikawa sawa. Ganzi ilikuwa kwenye kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete, mikono yote miwili.

Alipoinuka kuondoka, akarudisha mlango taratibu. "Daktari, lipo na jingine. Huku chini nako kunakufa ganzi. Na mambo ya nyumbani siku hizi si mazuri. Nimeona haya kukuambia."

"Baba, hilo ndilo ungeanza nalo," nikamwambia. "Baiskeli umekuja nayo?"

Tukatoka nje. Ilikuwa imeegemezwa kwenye mwarobaini. Matairi yake yalikuwa membamba, yamejazwa upepo hadi yakawa magumu kama jiwe. Kiti kilikuwa kimeinuka pua, kimefungwa sponji nene na kuzungushiwa nailoni. Usukani ulikuwa chini sana, hivyo mwendeshaji analazimika kuinama na kuegemea viganja. Sehemu kubwa ya ugonjwa wake niliiona pale.

Bahati nzuri, alikuwa ameshampa fundi fedha za mwanzo ili amuungie baiskeli nyingine ya safari ndefu. Fremu ni ya mtumba, vifaa vingine wangenunua kimoja kimoja. Mimi si fundi baiskeli, lakini najua mwili wa mtu anayekaa juu ya baiskeli saa tano kwa siku unahitaji nini. Tuliyokubaliana mimi, yeye na fundi wake ndiyo ninayokuletea leo, kwa sababu najua wapo wengi wanaomeza dawa kwa tatizo lililoko kwenye spana.

Tairi ndiyo springi yako ya kwanza

Mwili hugusana na baiskeli sehemu tatu tu: viganja, makalio na nyayo. Kila jiwe na kila tuta la barabara ya vumbi hupita kwenye tairi kwanza, kisha huingia mwilini kupitia sehemu hizo. Tairi lisipomeza mtikisiko, utamezwa na mishipa yako ya fahamu na uti wa mgongo.

Tairi la upepo lenyewe lilibuniwa kwa ajili hiyo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akifanya kazi Belfast, alilisajili tairi la upepo alilolitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, iliyokuwa ikimrusharusha kwenye mawe. Leo tunanunua tairi la upepo, kisha tunalijaza hadi linarudi kuwa gumu kama lile alilolikimbia.

Kwa njia zetu za vumbi na kokoto, chagua tairi pana kadiri fremu na foku vinavyoruhusu. Mgonjwa wangu alikuwa anataka jembamba kwa kuamini kwamba linakimbia. Kwenye lami laini huenda akaona tofauti ndogo, lakini kwenye mawe tairi jembamba na gumu hurukaruka, na nguvu ambayo ingekusukuma mbele inaishia kuutikisa mwili. Yeye tulimchagulia la 26 x 2.1, lenye upana wa zaidi ya sentimita tano. Hakikisha kati ya tairi na foku, na kati ya tairi na fremu, inapita ncha ya kidole chako. Wakati wa masika tope litahitaji nafasi hiyo.

Angalia sana namba. Tairi la 26 x 1⅜ na la 26 x 2.1 yote huitwa "ishirini na sita", lakini hayaingii kwenye rimu moja. Pembeni mwa tairi tafuta namba ndogo zenye kistari katikati, kama 54-559. Ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha sehemu inayokaa kwenye rimu. Hiyo ya pili lazima ilingane na rimu yako: 559 haikai kwenye rimu ya 590. Baiskeli nyingi za kizamani za 28 x 1½, kama zile za Phoenix, hutumia 635. Tairi lililolazimishwa huchomoka mlimani, na hapo hatuzungumzii tena ganzi, tunazungumzia kuvunjika.

Sasa upepo. Kwa mtu wa kilo 70 hivi mwenye tairi la upana huo, anza na PSI 30 hadi 35 mbele, na 40 hadi 45 nyuma. Ukibeba mzigo, ongeza nyuma kidogo, kwa sababu gurudumu la nyuma ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito. Tairi jembamba zaidi huhitaji upepo zaidi. Usivuke kiwango kilichoandikwa pembeni mwa tairi. Kama pampu ya fundi haina geji, kaa juu ya baiskeli na mzigo wako, mwenzako aangalie tairi la nyuma. Linapaswa kubonyea kidogo chini, kama asilimia 15 ya kimo chake. Lisipobonyea kabisa, upepo umezidi. Ukisikia rimu inagonga jiwe, umepungua, na utapata pancha. Kwa ajili ya mbigili na miba mingine, nunua tairi lenye mpira mnene katikati. Kuongeza upepo hakuzuii mwiba.

Kiti: laini sana si dawa

Hapa ndipo penye aibu, na ndipo wengi wanapoumia kimyakimya. Binadamu ameumbwa kukalia mifupa miwili ya makalio. Kati ya mifupa hiyo kuna msamba, sehemu iliyo baina ya njia ya haja kubwa na viungo vya uzazi. Hapo hupita mishipa ya fahamu na mishipa ya damu inayohudumia viungo hivyo. Pua ya kiti ikiinuka, au kiti kikiwa chembamba, uzito wako huhama kwenye mifupa na kuukandamiza msamba. Kwanza hupata ganzi. Ukiendelea miezi na miaka, baadhi ya wanaume hupata matatizo ya nguvu za kiume. Wanawake nao hupata ganzi, uvimbe na michubuko.

Haya si maneno ya vijiweni. Mwaka 2008 watafiti wa taasisi ya NIOSH, inayoshughulikia usalama na afya kazini nchini Marekani, walitoa matokeo ya askari polisi 90 wanaofanya doria kwa baiskeli. Walipewa viti visivyo na pua kwa miezi sita. Kabla ya hapo, asilimia 73 walikuwa wakipata ganzi ya sehemu za siri wakiwa kwenye baiskeli. Baada ya miezi sita walibaki asilimia 18.

Viti visivyo na pua ni vigumu kuvipata kwetu, lakini kanuni ni ileile: uzito ukae kwenye mifupa. Weka kipande cha katoni juu ya benchi gumu, kalia, kisha inua visigino kidogo. Utaona mabonyeo mawili. Sehemu ya nyuma ya kiti chako izidi umbali kati ya mabonyeo hayo kwa sentimita moja hivi kila upande. Wanawake wengi huhitaji kiti kipana zaidi kuliko wanaume, kwa sababu ya umbile la nyonga.

Usiongeze sponji. Sponji nene huzama pale mifupa inapokaa, na katikati huinuka na kuukandamiza msamba zaidi. Kile kiti cha zamani cha ngozi chenye springi chini, ambacho vijana wanakicheka, ni bora kwa safari ndefu. Kiweke sawasawa kama sakafu, pua isiinuke. Njiani, kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, simama juu ya pedeli kwa sekunde chache ili damu ipite.

Usukani na viganja

Ganzi ya kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete hutokana na mshipa wa fahamu unaopita kwenye kiganja, upande wa kidole kidogo. Ukiegemea hapo saa nzima huku tairi gumu likikutikisa, mshipa unakandamizwa. Usipoondoa chanzo, misuli midogo ya kiganja huanza kusinyaa na mkono hupoteza nguvu ya kushika.

Fundi aliinua usukani ukawa juu ya usawa wa kiti kwa sentimita tano hivi, na akachagua ule uliopinda kurudi nyuma, kama wa baiskeli za kizamani, ili kifundo cha mkono kinyooke. Viwiko vinapaswa kukunjika kidogo. Mkono ulionyooka kama fimbo hupeleka kila mtikisiko hadi shingoni. Mipira ya kushikia ikiisha, badilisha, au zungushia vipande vya tyubu chakavu na kitambaa juu yake. Badilisha mkao wa mikono mara kwa mara.

Fundi alikuwa amependekeza foku ya springi. Ile ya bei rahisi ni nzito na hulegea mapema. Tulimwambia fedha hiyo aiweke kwenye matairi na breki.

Magoti nayo

Kaa kwenye kiti, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unapaswa kunyooka bila nyonga kuyumba. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedeli, goti litakunja kidogo, na hicho ndicho kimo chako. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kiko juu mno.

Kwa mwenye mzigo na milima, mwambie fundi abadilishe friwili. Ukitoka meno 18 kwenda 22, nguvu unayoikanyagia kwa kila mzunguko hupungua kwa karibu moja ya tano. Utakwenda polepole zaidi, lakini magoti yatadumu. Mnyororo urekebishwe urefu. Mzigo nao ugawe pande mbili na uushushe chini kadiri uwezavyo. Ukirundikwa juu ya keria hukuyumbisha, na mikono ndiyo inayohangaika kukusawazisha.

Si kila ganzi ni ya baiskeli

Ganzi inayoanzia kwenye nyayo, au inayokuja hata usipoendesha, inaweza kuwa kisukari, upungufu wa vitamini au tatizo la shingo na mgongo. Tatizo la nguvu za kiume nalo linaweza kuwa dalili ya kwanza ya kisukari, shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo. Kapime kwanza. Ganzi isiyopungua wiki mbili baada ya kurekebisha baiskeli, au kiganja kilichoanza kusinyaa, nenda hospitali. Ukipata ganzi ya msamba pamoja na miguu kuishiwa nguvu, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au haja kubwa, hiyo ni dharura. Nenda siku hiyohiyo, usisubiri kesho.

Na dawa za maumivu usizifanye chakula. Diclofenac na ndugu zake hutoboa tumbo, huumiza figo na hupandisha shinikizo la damu.

Kama fedha ni kidogo, fuata mpangilio huu. Kwanza rekebisha upepo, kimo cha kiti na usukani, kwa sababu hivyo ni spana na pampu tu. Fedha ya kwanza ipeleke kwenye breki nzima na matairi, ya pili kwenye kiti, ya tatu kwenye friwili. Rangi na mapambo yasubiri.

Yule baba alirudi baada ya miezi miwili, ameegemeza baiskeli mpya kwenye mwarobaini uleule. Tumbo lilikuwa limetulia kwa matibabu. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vimepona, lakini kidole kidogo cha kushoto kilikuwa bado kinasuasua. Mshipa uliokandamizwa muda mrefu hupona polepole, na nilimwambia huenda usirudi wote. Angekuja mapema, tungeuwahi.

Nikamuuliza kuhusu lile jambo la pili. Akacheka, akatazama chini. "Daktari, mama watoto hana neno."