Gari la Misuli la Marekani: Kabla Hujalikata, Lisome

Vijana wengi wa hapa Pwani waliifahamu Dodge Charger ya 1970 kupitia filamu ya The Fast and the Furious iliyotoka mwaka 2001. Tangu hapo mimi, fundi wa magari, siishi kuulizwa swali moja, na sasa linatoka hata kwa jamaa zetu walioko Muscat, Dubai na Marekani: "Fundi, nikipata gari kama lile, nilirudishe lilivyokuwa au nilibadilishe nitakavyo?"

Swali ni zuri, na ndani yake mna pesa nyingi. Naomba nilieleze taratibu.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli: gari la ukubwa wa wastani, kwa kawaida la milango miwili, bei yake si ya matajiri pekee, lakini limetiwa injini ya silinda nane iliyofaa gari kubwa zaidi. Wengi huanza kuhesabu na Pontiac GTO ya 1964. Wakati huo General Motors ilikuwa na kanuni kwamba gari la ukubwa ule lisitiwe injini inayozidi inchi za ujazo 330. John DeLorean na wenzake pale Pontiac wakapata upenyo. Hawakuileta GTO kama gari jipya; walimwambia mnunuzi wa LeMans aongeze pesa kidogo, awekewe injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, yenye nguvu farasi 325. Mwaka ule wa kwanza zikauzwa zaidi ya 32,000. Washindani nao hawakulala. Chrysler ikaleta Hemi ya inchi 426, na kufikia 1970 Chevrolet ilikuwa inauza Chevelle SS yenye inchi 454 na nguvu farasi 450.

Raha hiyo haikudumu. Bima ya magari hayo ilipanda, hasa kwa vijana. Sheria ya hewa safi ya 1970 ikawabana watengenezaji, injini zikapunguzwa nguvu, kisha mwishoni mwa 1973 nchi za Kiarabu zikaizuilia Marekani mafuta. Kwa hivyo yale yaliyotengenezwa enzi hiyo ndiyo hayo hayo. Hayaongezeki, yanapungua.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kabla hujashika msumeno, lisome gari lako. Kila gari lina nambari ya chesisi, na injini na gia pia zina alama zilizogongwa kiwandani. Zikioana, maana yake gari bado lina injini iliyozaliwa nayo, na thamani yake hupanda sana. Nambari pia humfichua mwongo. Nambari ya chesisi ya GTO ya 1966 huanza na 242. Ukiuziwa "GTO" ya mwaka huo na nambari inaanza na 237, hiyo ni LeMans iliyovalishwa nembo. Si gari baya, lakini usililipie bei ya GTO.

Baada ya nambari, tazama kutu. Sisi wa Pwani tunaijua chumvi: bati linaliwa, bawaba zinaliwa, gari la mtu anayekaa karibu na bahari linaoza kutoka chini. Majimbo ya kaskazini ya Marekani hayahitaji bahari kupata balaa hilo, kwa sababu wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi kuyeyusha barafu. Ndiyo maana wanunuzi wengi hupenda gari lililoishi Arizona au kusini mwa California, ambako ni kukavu. Chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa, uipitishe juu ya bodi. Isiposhika, chini ya rangi kuna puti, si bati. Kisha inua mazulia, tazama sakafu ya buti, na chungulia chini ya kioo cha nyuma, hasa kama paa limefunikwa ngozi ya plastiki. Injini hununulika na kufungwa. Bodi iliyooza hula pesa bila kushiba.

Sasa nilijibu lile swali. Kanuni ninayowapa vijana ni hii: badilisha kinachofunguliwa kwa spana, usiguse kinachohitaji msumeno. Watu wa Lamu na wa Mji wa Kale wataielewa haraka. Mlango wa nakshi ukishapasuliwa ili upachikwe geti la chuma, hakuna seremala atakayeurudisha ulivyokuwa.

Na anza na kusimama kabla ya kukimbia. Mengi ya magari haya yalitoka kiwandani na breki za dramu magurudumu yote manne, huku injini ikiwa na nguvu ya kutisha. Breki zile zikipata moto, hazishiki. Weka za diski mbele, weka tairi za kisasa za redio, hakikisha mikanda ipo na inafunga. Ndani ya distribuyuta kuna pointi zinazochakaa. Kipo kifaa cha elektroniki kinachokaa humo humo bila kuonekana. Ukifungua silinda hedi, tia viti vya valvu vya chuma kigumu, kwa sababu petroli ya zamani ilikuwa na risasi iliyovilinda, na Marekani iliipiga marufuku barabarani mwaka 1996. Vya zamani vyote vitie sandukuni, viandike, uvihifadhi.

Je, kung'oa injini na kutia ya kisasa? Wamarekani wengi hutia injini za Chevrolet za jamii ya LS, zilizoanza 1997: zinawaka kila asubuhi na hunywa mafuta kwa adabu. Kama gari lako lilishapoteza injini yake ya asili, au lilizaliwa na silinda sita za kawaida, sina pingamizi. Furahi nalo. Ila siku ya kuliuza, sema ukweli. Lakini kama nambari zinaoana, iache injini ile mahali pake. Ukilazimika kuitoa, ipake oili, ifunike, usiiuze.

Hapa Kenya magari haya ni nadra. Usukani wake uko kushoto, na kwa kawaida gari lililotumika haliruhusiwi kuingia likiwa na zaidi ya miaka minane. Kwa hivyo nasaha hizi ni zaidi kwa jamaa walioko ng'ambo.

Mwisho, liendeshe. Gari linalokaa miezi bila kuguswa huharibika: petroli huganda ndani ya kabureta, mipira ya kuzuia oili hukauka. Kila Agosti, tangu 1995, maelfu ya magari ya zamani hutembezwa taratibu Woodward Avenue, kuanzia jirani na Detroit, mji uliounda mengi yake. Huko utaona yaliyorudishwa asili na yaliyobadilishwa yakifuatana bila ugomvi. Lililobadilishwa kwa spana, mwenye kulirithi bado ana hiari ya kulirudisha. Lililokatwa, hiari hiyo umeshamnyima.